Nchi Inayoning'inia Hewani

Mwaka 1951 Shaaban Robert, mshairi wa Tanga na karani wa serikali ya kikoloni, alitoa Kusadikika: nchi isiyogusa ardhi, ambayo mipaka yake ni pepo. Hapana mtambo ndani yake, na wanaodai kuwa riwaya ya sayansi ni vyuma wataikataa. Waikatae. Wajumbe sita walitumwa pande zote nne, mbinguni na ardhini pia. Kila mmoja alirudi na elimu ya kuiponya nchi, akatiwa kifungoni. Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha sheria, anayasimulia hayo mbele ya baraza kwa upole mkubwa, na upole huo ndio unaochekesha: wakubwa wanasikiliza mashtaka yao wenyewe, huku wakidhani wao ndio mahakimu.

Mwaka 1979 Mwingereza Douglas Adams aliibomoa dunia nzima kupisha barabara ya angani. Wenyeji wakaambiwa kwamba ramani ilikuwa wazi kwa miaka 50, katika nyota ya mbali. Ofisi ni ile ile. Adams huicheka kwa kelele, Shaaban kwa adabu, na adabu ilikuwa ngao: mkoloni angelalamikaje juu ya nchi isiyokuwapo?

Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilipofunguliwa tena mwaka 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walikaa juu ya ardhi isiyo yao, mambo yao yakiamuliwa kwenye meza za mbali. Msomaji wa huko hahitaji kufafanuliwa nchi iliyoning'inia.

Karama alishinda, na wajumbe wakafunguliwa. Adams hakuwapa watu wake bahati hiyo.