Sehemu Iliyopangika ya Mfuatano

Katika fani ya kuandika programu za kompyuta, sehemu iliyopangika ya mfuatano ni kile kipande cha orodha ambacho ndani yake hakuna kitu kilicho kidogo kuliko kilichokitangulia. Na kuitafuta ni kulinganisha kila kitu na jirani yake, tangu mwanzo, hata ionekane jozi ya kwanza iliyovunja taratibu.

Mfano mwema wapatikana Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi ulio na uwanja wa Tout Puissant Mazembe, klabu iliyoasisiwa mwaka 1939. Lau katibu angeiandika miaka ya ushindi wake barani Afrika kombe baada ya kombe, akianza na la Klabu Bingwa, kisha la Washindi, kisha la Shirikisho, angepata: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015, 1980, 2016, 2017. Programu hupita salama hadi 2015, kisha hukutana na 1980, nayo husimama hapo. Kipande cha kwanza kina miaka 5, cha pili 3, na kuvibaini vyote viwili kwahitaji kulinganisha mara 7 tu. Lugha ya C++, katika kanuni zake za mwaka 2011, ilipewa amri mahususi ya kuonyesha mahali pa mvunjiko huo.

Yapasa kutahadhari na suala jingine linalofanana na hili: kutafuta mlolongo mrefu kabisa unaopanda, hata kwa kurukaruka. Hapo jawabu si 5 bali 7, maana 1980 pekee ndio unaoachwa nje. Wanafunzi wengi huyachanganya masuala haya, nao hutaabika bure.

Faida kubwa ya maarifa haya ni katika kupanga. Tim Peters, alipoitungia lugha ya Python njia yake ya kupanga mwaka 2002, aliijengea juu ya kuvitambua vipande vilivyokwisha pangika. Vinavyoshuka hupinduliwa, ila kwa sharti visiwe na vitu vilivyo sawa, ili vilivyo sawa visibadilishane nafasi zao za asili. Kisha vipande huunganishwa. Kwa orodha yetu, vichwa vya vipande viwili vikishindanishwa kimoja kimoja, 1967 na 1968 hutoka kwanza, 1980 hufuata, halafu 2009, 2010 na 2015; kwa kulinganisha mara 6 kipande cha kwanza kimekwisha, na 2016 na 2017 huwekwa nyuma yake kama ilivyo.