Rehani, dhamana na jina: istilahi za mkopaji wa Baraka

Ukienda kukopa mjini Baraka, huku kwetu Fizi, swali la kwanza ni moja: "Garanti yako ni nini?" Mmoja atataja injini ya mtumbwi, mwingine karatasi ya parseli, yaani kiwanja, wa tatu atamtaja shemeji yake mwenye duka. Kifaransa kimewafungia wote katika neno moja. Vitabu vyetu vya fedha navyo vinaandika "mkopo wenye dhamana" na "mkopo usio na dhamana", kana kwamba injini na shemeji ni kitu kimoja. Kiswahili kilikwisha kuvitenga zamani: rehani ni kitu, mdhamini ni mtu.

Sheria inatenga vilevile. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo yetu inafuata sheria za OHADA, shirika la nchi za Afrika linalooanisha sheria za biashara, na ile ya dhamana, iliyorekebishwa Lomé mwaka 2010, inaweka upande mmoja ahadi ya mtu na upande wa pili mali iliyofungwa kwa deni. Ndiyo maana napendelea tuseme mkopo wa rehani, mkopo wa mdhamini, na ule usio na kimoja kati ya hivyo tuuite mkopo wa jina, kwa sababu jina la mkopaji ndilo pekee linalomtuliza mwenye fedha.

Basi afanye nini mtu ambaye jina lake limeharibika? Kwanza tutofautishe jina bovu na jina lisilojulikana. Wengi wa Fizi walikimbilia Tanzania mwaka 1996, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, na kuanzia 2005 meli zikawarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Mmoja wao huenda alilipa kila deni alilokopa kambini, lakini hakuna daftari la huku linaloonyesha hivyo. Kumhesabu pamoja na aliyekimbia deni ni dhuluma, nami nalisema hilo kwa uchungu.

Wote wawili wakinyimwa mkopo wa jina, hubaki njia mbili za haraka. Moja ni wale wakopeshaji wa mitaani tunaowaita Banki Lamberti, ambao riba yao huhesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka. Ya pili ni rehani, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, nyumba haiwekwi rehani kisheria bila cheti cha uandikishaji, na wengi wetu tuna karatasi ya mauzo tu iliyosainiwa na chefu. Mkopeshaji anajua. Kwa hiyo anaweza kukuambia, "Andika kwamba umeniuzia, ukilipa, tutachana karatasi." Zanzibar ya zamani iliujua mtindo huo kwa jina la bei khiyari, na mashamba mengi ya karafuu yalihamia kwa wadai kwa njia hiyo. Ukiombwa saini ya namna hiyo, ondoka, hata kama mtoto anadaiwa ada ya shule. Hiyo si rehani, ni mauzo.

Injini nayo ina shida yake. Ikikaa kwa mdai, utavua ndagala na nini ili umlipe?

Wala asikudanganye mtu kwamba mkopo wa jina hauna cha kupoteza. Sheria hiyohiyo ya 1973 inasema mali yote ya mdaiwa ni rehani ya pamoja ya wadai wake. Tofauti ni kwamba aliyetoa mkopo wa jina lazima apite mahakamani kwanza, tena hana kitu alichotengewa mbele ya wadai wengine.

Kwa mwenye jina lililoharibika, mimi ningeanzia AVEC, yaani kikundi cha kijiji cha akiba na mikopo. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991: wanachama wananunua hisa, fedha zinakaa katika sanduku la kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Kwa kawaida mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Tazama maana yake: akiba ya dola 20 inakupa mkopo wa dola 60. Ishirini za kwanza zimelindwa na hisa zako, yaani rehani. Arobaini zinategemea imani ya wenzako wanaokuona kila wiki. Rehani ndogo inalikokota jina polepole, na ukishindwa unapoteza akiba, si nyumba.

Anayetaka zaidi ya hapo atahitaji mdhamini, na huyo shemeji anastahili kuambiwa ukweli kabla hajashika kalamu. Chini ya OHADA, mdhamini huhesabiwa kuwa anabeba deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Ukishindwa kulipa, mdai anaweza kumfuata yeye bila kuuza kwanza vitu vyako. Ahadi yake lazima iwe ya maandishi, na kama hajui kuandika, awe na mashahidi wawili watakaothibitisha katika mkataba kwamba ameelezwa anachokubali.