Mkono wa Kulia wa Leon Fleisher

Walimu wa piano wana silsila zao, kama masheikh. Ukitaka kupima uzito wa mmoja wao, huulizi kwanza anapigaje. Unauliza alisoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani. Silsila ya Leon Fleisher, aliyezaliwa San Francisco tarehe 23 Julai 1928, ni fupi na nzito. Yeye alisoma kwa Artur Schnabel, Schnabel kwa Theodor Leschetizky, Leschetizky kwa Carl Czerny, na Czerny alipelekwa kwa Beethoven mjini Vienna akiwa na umri wa miaka kama kumi.

Czerny anakumbukwa kwa mazoezi ya vidole ambayo hadi leo yanawatoa watoto machozi, basi tumpite. Leschetizky, mzaliwa wa 1830, alifundisha Saint Petersburg, kisha akarudi Vienna mwaka 1878 na kufanya nyumba yake kuwa darasa. Ignacy Paderewski, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Poland, alipitia hapo. Paul Wittgenstein pia. Huyo tutarudi kwake. Mwaka 1891 Leschetizky akaletewa Schnabel, mtoto wa miaka tisa. Mzee alimwambia kwamba mpiga piano hatakuwa kamwe, kwa sababu yeye ni mwanamuziki. Akampa sonata za Schubert, ambazo siku hizo wapigaji wengi walizipuuza.

Schnabel alikua, akawa mtu wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 aliihama Berlin, akawa anafundisha Italia, kando ya Ziwa Como. Watoto alikuwa hawapokei. Baba yake Fleisher alikuwa fundi kofia, na mama alikwisha kuamua kwamba mwanawe atakuwa ama rais wa Marekani ama mpiga piano mashuhuri. Schnabel alipopita San Francisco na kualikwa chakula cha usiku kwa kiongozi wa okestra Alfred Hertz, kijana aliingizwa nyumbani humo kwa siri. Mgeni alipoinuka mezani alimkuta amekwisha kukaa kwenye piano, akalazimika kumsikiliza. Mwaka 1938 mtoto alikuwa Como.

Kule hakuna aliyefundishwa peke yake. Wanafunzi wote walikaa chumba kimoja, zamu ya mmoja ikawa somo la wengine. Fleisher alisema baadaye kwamba mengi aliyavuna kwenye zamu za wenzake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema tupu. Mwaka 1944, akiwa na miaka 16, alipiga konseto ya kwanza ya Brahms katika ukumbi wa Carnegie, New York, chini ya Pierre Monteux. Mwaka 1952 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels. Akarekodi konseto za Beethoven na Brahms pamoja na George Szell na okestra ya Cleveland, na mwaka 1959 akaanza kufundisha katika chuo cha muziki cha Peabody, mjini Baltimore.

Kisha, akiwa na miaka 36, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Safari ya Urusi na Szell, iliyopangwa kufanyika 1965, ilimpita. Ndoa ilivunjika. Alifuga ndevu, akanunua pikipiki ya Vespa, akafikiria kujiua. Ugonjwa huo, distonia, unatoka kwenye ubongo unaoutawala mkono; lakini jina hilo alilipata baada ya miaka mingi ya kuhangaika kwa matabibu.

Zamani mwanafunzi akikosea, Fleisher alimsogeza kwenye benchi na kumwonyesha kwa vidole vyake. Sasa hakuwa na cha kuonyesha. Ilibidi atafute maneno: noti hii inaelemea wapi, kimya hiki kinangoja nini. Mimi naona hapo ndipo mwalimu alipozaliwa, ingawa kwa gharama ambayo hakuna mtu angeikubali kwa hiari. André Watts, Yefim Bronfman na Jonathan Biss walitoka kwake.

Jukwaani alibaki na mkono wa kushoto, na huko alimkuta Wittgenstein, ndugu yake wa silsila. Huyu alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akatumia utajiri wa familia kuwaagiza watunzi wamwandikie kazi za mkono mmoja. Ravel alimpa konseto, ambayo Fleisher aliipiga mara nyingi kupita kiasi. Hindemith naye alimwandikia kazi mwaka 1923. Wittgenstein hakuipenda, akaificha. Iliibuka baada ya mjane wake kufariki, na Desemba 2004, mjini Berlin, ikasikika kwa mara ya kwanza. Aliyeipiga ni Fleisher.

Wakati huo mkono wa kulia ulikuwa umerudi kiasi, kwa sindano za botoksi na ukandaji wa misuli. Mwaka huohuo wa 2004 ilitoka albamu yake Two Hands, yaani Mikono Miwili. Kazi ndefu kuliko zote ndani yake ni sonata ya mwisho ya Schubert.

Fleisher alifariki Baltimore tarehe 2 Agosti 2020, akiwa na miaka 92. Ulikuwa mwaka wa korona, na madarasa yake yalikuwa yamehamia kwenye intaneti.