Kasarani iko karibu kuliko Kinshasa

Weka rula kwenye ramani, uanzie Salamabila, kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, kisha upime. Hadi Kinshasa, mji mkuu wa nchi, ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka. Hadi Nairobi ni kilomita 1,100 hivi. Kwa kijana wa Kabambare au Kasongo anayependa mbio, uwanja wa Kasarani, uliowapokea vijana wa riadha wa dunia nzima mara 2 ndani ya miaka 4, uko upande wa mashariki, kwa majirani wanaosema Kiswahili kama yeye. Ramani haihesabu mito, matope wala vizuizi vya njiani, na kila aliyesafiri kutoka Salamabila anajua bei ya safari. Hata hivyo historia ya mashindano ya vijana inasomeka vizuri zaidi ukiitazama kutoka mashariki, maana huko ndiko ilikoandikwa kwa miguu ya watoto wa wakulima na wafugaji.

Mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 19 yalianza Athens, Ugiriki, mwezi Julai 1986. Tangu mara hiyo ya kwanza Afrika Mashariki ilijitambulisha: Mkenya Peter Chumba alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Baadaye viongozi wa riadha waliona kwamba mtoto wa miaka 16 hapaswi kupambanishwa na mtu wa miaka 19, ambaye mifupa na misuli yake imekwisha kukomaa. Ndipo mwaka 1999, huko Bydgoszcz, Poland, yakazaliwa mashindano ya dunia ya wale wasiotimiza miaka 18. Vifaa navyo vilipunguzwa uzito. Tufe la wavulana likawa kilo 5 badala ya kilo 7.26 za wanaume, na baadaye la wasichana kilo 3 badala ya 4. Mbio za kuruka viunzi na maji zikafupishwa kutoka mita 3,000 hadi mita 2,000.

Mashindano hayo ya watoto yalisaidia pia kujaribu mambo mapya. Mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara 4, wavulana wawili na wasichana wawili katika timu moja, zilikimbiwa Cali, Kolombia, mwaka 2015 na Nairobi mwaka 2017. Wakubwa wa Olimpiki walizipata baadaye, Tokyo, mwaka 2021.

Lakini je, ushindi wa utotoni una maana yoyote mtu akikua? Jibu linaonekana kwenye fainali ya mita 10,000 ya wanaume ya Olimpiki ya Tokyo. Wa kwanza alikuwa Selemon Barega wa Ethiopia, wa pili Joshua Cheptegei wa Uganda, wa tatu Jacob Kiplimo, naye wa Uganda. Barega alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 5,000 mwaka 2016, Bydgoszcz. Mwaka huohuo na mji huohuo Kiplimo, akiwa na miaka 15 tu, alichukua shaba ya mita 10,000. Cheptegei alikuwa ameshinda mita 10,000 za vijana huko Eugene, Marekani, mwaka 2014. Wote watatu walipanda jukwaa la vijana kabla ya kupanda la wakubwa. Wapo pia waliong'aa utotoni wakazimika, kwa maumivu, kwa kuchoka, au kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono. Ila kwa majirani zetu ngazi hiyo imefanya kazi mara nyingi mno kuitwa bahati.

Na ngazi hiyo ilianzia shuleni. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ayalandi, Colm O'Connell, alifika Iten, kwenye Bonde la Ufa la Kenya, kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alikuwa na wanafunzi, nyasi, vumbi na muda. Kutoka mikononi mwake alitoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha, bingwa wa dunia wa vijana wa mita 800 huko Beijing mwaka 2006, ambaye miaka 6 baadaye alikimbia London kwa dakika 1, sekunde 40 na nukta 91, muda ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuukimbia kabla yake.

Pwani nayo ilipata siku yake. Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye joto lililomfanya hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, mfalme wa nyika wa wakati ule, aache mbio kabla ya kumaliza. Mbio za wasichana zilishindwa na Linet Masai, msichana kutoka eneo la Mlima Elgon. Miaka 2 baadaye, Berlin, Masai alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000.

Kisha ukaja mwezi Julai 2017, na hapa inafaa kutua kidogo.

Kituo cha michezo cha Kasarani, Nairobi, kilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Miaka 30 baadaye kilipewa mashindano ya dunia ya wasiotimiza miaka 18, kuanzia tarehe 12 hadi 16 Julai. Kenya ilikuwa ikielekea uchaguzi mkuu wa Agosti, na nchi kadhaa tajiri zilihofia usalama. Marekani, Uingereza, Ujerumani, Kanada na Australia hazikupeleka watoto wao. Watu wa mashariki mwa Kongo wanaijua hali hiyo vizuri: mji unatazamwa na wageni kwa habari za hofu peke yake, na vijana wake wanahukumiwa kwa mambo wasiyoyafanya.

Nairobi ilijibu kwa watu wake. Siku ya mwisho uwanja ulifurika, watazamaji wakakadiriwa kufika 60,000, kwa ajili ya watoto ambao majina yao hayakuwa yakijulikana wiki moja kabla. Katika miji mikubwa ya Ulaya mashindano ya umri huu hukimbiwa mbele ya wazazi, makocha na viti vitupu. Kasarani watu waliimba, wakapuliza mavuvuzela, wakamshangilia mtoto wa Kenya na mtoto wa mgeni.

George Manangoi alishinda mita 1,500 za wavulana. Wiki 4 baadaye kaka yake mkubwa, Elijah, akashinda mbio hizohizo za wakubwa kwenye mashindano ya dunia huko London. Leonard Bett na Caren Chebet walishinda mita 2,000 za kuruka viunzi na maji, naye Jackline Wambui akashinda mita 800 za wasichana. Kenya ilipata medali 15, kati yake 4 za dhahabu. Juu kabisa kwenye orodha ilikaa Afrika Kusini. Na katika mita 3,000 za wavulana, mbele ya umati uliokuja kumwona Mkenya akishinda, dhahabu ilikwenda kwa yule Barega wa Ethiopia.

Vijana wakimbizi nao walikuwa na timu yao pale, matunda ya kambi ya Ngong iliyoanzishwa na Tegla Loroupe, Mkenya aliyewahi kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni. Katika mambo yote ya wiki ile, pengine hilo ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi na watu wa Maniema, ambao wengi wao wanajua maana ya kuacha nyumba usiku.

Mashindano hayo ya Nairobi ndiyo yaliyokuwa ya mwisho ya aina yake. Shirikisho la riadha la dunia lilikuwa limekwisha kuamua kuyafuta na kuyaachia mabara yaandae ya kwao, na Afrika ikaendelea Abidjan mwaka 2019 na Ndola, Zambia, mwaka 2023. Uamuzi ule uliwaumiza vijana wa nchi maskini kuliko wengine. Kijana wa Ulaya ana mashindano kila mwezi. Kijana wa huku akipoteza mlango mmoja, mara nyingi alikuwa nao huo mmoja tu.

Kasarani iliwapokea tena vijana mwezi Agosti 2021, safari hii wale wasiotimiza miaka 20, na kwa sababu ya korona viti vilibaki vitupu. Wachache walioruhusiwa kuingia waliona ajabu. Letsile Tebogo wa Botswana alishinda mita 100. Miaka 3 baadaye, Paris, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 200. Mita 800 zilishindwa na Emmanuel Wanyonyi, Mkenya aliyekuwa ametimiza miaka 17 wiki chache tu kabla, kwa dakika 1, sekunde 43 na nukta 76. Huyu naye Paris ilimpa dhahabu.

Wanyonyi alitoka familia maskini ya Trans Nzoia. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi aliacha shule akaenda kuchunga ng'ombe wa watu ili asaidie nyumbani. Alirudi darasani, na huko mbio zake zikaonekana. Akaangukia mikononi mwa Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 wa mwaka 2007, akamfundisha. Mtoto anayeacha shule kutafuta riziki si mgeni Salamabila, ambako wengine hushika njia ya mashimo ya dhahabu. Kipaji cha Wanyonyi kilikuwa kilekile alipokuwa nyuma ya ng'ombe. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na shule ya kumrudisha, na mkimbiaji wa zamani aliyekuwa akiishi karibu.

Kwa upande wa Kongo historia imepita njia nyingine, nayo mara nyingi imepita ugenini. Mkimbiaji wake mkubwa kuliko wote, Gary Kikaya, mzaliwa wa Kinshasa, alikomazwa na chuo kikuu cha Tennessee, Marekani. Alichukua shaba ya mita 400 kwenye mashindano ya dunia ya ndani huko Budapest mwaka 2004, na mwaka 2006, Stuttgart, akaweka rekodi ya Afrika ya sekunde 44.10 iliyodumu hadi 2014. Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo walioonja vita vya mashariki utotoni, walishiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016 chini ya bendera ya wakimbizi, wakiwa wamebaki Brazili baada ya mashindano ya judo ya 2013 huko.

Makorobondo Salukombo alizaliwa Kirotshe, Kivu ya Kaskazini. Familia yake ilikimbia vita, ikapitia Uganda, ikafika Cleveland, Marekani. Huko alisoma na kukimbia, hadi akaiwakilisha Kongo katika marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Angeweza kuridhika na hayo. Badala yake alirudi Kirotshe kuwafundisha vijana mbio, akasisitiza kwamba masomo na mazoezi viende pamoja. Kutoka kundi hilo msichana Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 Rio mwaka 2016. Hakukaribia medali. Lakini kwa Kivu, kutoka njia ya kijijini hadi uwanja wa Olimpiki kwa juhudi za mtu mmoja aliyekumbuka kwao, ni ushahidi kwamba hata katika nchi yenye vita kazi ya Iten inaweza kuanzishwa.

Kinshasa yenyewe ilipata nafasi yake kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023, ilipoandaa Michezo ya nchi zinazotumia Kifaransa, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja. Uwanja wa Martyrs ulijaa siku ya ufunguzi. Michezo ile huitwa ya vijana, ila umri wake ni miaka 18 hadi 35. Mtoto wa miaka 16 wa Kabambare hakuwa na nafasi pale hata kama angekuwa na mbio za swala.

Na yapo mashindano ambayo angezuiwa hata akiwa na umri unaotakiwa, kwa kukosa karatasi. Riadha ya vijana imesumbuliwa kwa miaka mingi na udanganyifu wa umri, kwa hiyo waandaaji hudai pasipoti, na pasipoti hudai cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Kijijini, mahali ofisi iko mbali na njia si salama, siku hizo hupita upesi, na mwanariadha wa kesho anakuwa amefungiwa mlango akiwa bado mgongoni mwa mama yake.

Milango mipya imefunguka, tena mingine upande uleule wa mashariki. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Shule za sekondari za ukanda huu zina michezo yao ya kila mwaka, riadha ikiwemo. Mwaka 2023 ilifanyika Huye, Rwanda, mwaka 2024 Mbale, Uganda, na mwaka 2025 Kakamega, Kenya. Huye iko karibu na Salamabila kuliko hata Kisangani. Wakuu wa elimu wa Maniema na Kinshasa wangeanza na michezo hiyo kabla ya kuota medali za mbali, kwa kuandaa mbio za shule kwa shule, kisha wilaya kwa wilaya, muda wa kila mtoto ukiandikwa daftarini.

Olimpiki ya Vijana, iliyoanza Singapore mwaka 2010 kisha ikaenda Nanjing na Buenos Aires, imepangwa kufanyika Dakar, Senegali, kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, baada ya kuahirishwa kutoka 2022. Itakuwa mara ya kwanza kwa michezo ya Olimpiki ya aina yoyote kufanyika katika ardhi ya Afrika, na washiriki wake ni vijana wasiozidi miaka 17.