Waraka wa Makka katika Njia za Lindi

Katika mwaka 1908 waraka mmoja uliingia Lindi, ukanakiliwa kwa mkono, na nakala zake zikashika njia za kwenda bara. Wajerumani, waliokuwa wakitawala pwani hiyo, waliuita Waraka wa Makka. Ndani yake yasimuliwa kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, alimwona Mtume usingizini akiusikitikia umma wake: sala zimeachwa, zaka hazitolewi, na Kiyama kimekaribia. Atakayeuchukua waraka kutoka mji hadi mji ameahidiwa shufaa, atakayeudharau ametishwa.

Bara hiyo ya Lindi ndiyo yenye Ruangwa na Nachingwea, nchi ya Namungo, na wakati ule vidonda vyake vilikuwa bado vibichi. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1905, habari nyingine ilikuwa imepita kusini kote bila ya karatasi wala wino. Ilitoka Ngarambe kwa Kinjikitile, ikanong'onwa sikio kwa sikio, na Wamatumbi wakaiita njwiywila: kwamba ipo dawa ya maji itakayozigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wamwera ni miongoni mwa walioipokea. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huohuo, lakini habari haikunyongwa pamoja naye. Vita vilipokwisha, mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa moto, na njaa iliua wengi kuliko bunduki.

Basi msomaji na ajiweke mahali pa mtu wa bara hiyo anayeletewa waraka mwaka 1908. Aliyeuleta ni mtu anayejulikana, tena mwenye elimu ya dini. Maandishi ni ya Kiarabu, na jina la Mtume limo ndani. Kuukataa kwaweza kuwa dhambi. Kuupokea kwaweza kumfikisha gerezani. Ni vigumu kumlaumu aliyeunakili.

Hata hivyo, elimu ya kuupima ilikuwepo, nayo ilikuwa ya kale kuliko dola ya Wajerumani. Wanazuoni wa hadithi hawakuanza na uzuri wa maneno. Walianza na isnadi: nani kapokea kwa nani, walikutana wapi, na kila mmoja alijulikana kwa ukweli au kwa kusahau. Katika waraka huu isnadi imekatika tangu mwanzo. Sheikh Ahmad ni mwana wa nani? Nani alimsikia kwa masikio yake? Waraka wasema tu "enezeni". Tena kuna jambo dogo ambalo mtoto wa chuoni angeliliona: kaburi la Mtume liko Madina, na mlinzi wake kumfanya mtu wa Makka ni kosa la aliyeubandika waraka jina bila ya kuusoma vizuri.

Wajerumani nao hawakupima vyema. Hofu ya Maji Maji iliwafanya waone uasi katika kila mstari, wakakamata watu, na uchunguzi wao ukaelekea Unguja kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu Rumaliza, aliyepigana na Wabelgiji pande za Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1890 na ambaye jamaa zake walikuwa Lindi. Huenda mkono wake ulikuwemo katika kuutuma. Lakini kuutuma waraka si kuutunga. Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa ameandika juu ya waraka wa namna hiyohiyo uliozagaa katika visiwa vya Indonesia, na maandiko yake yalitoka mwaka 1884, miaka 24 kabla ya zogo la Lindi. Laiti ofisa mmoja angeuliza kama maneno haya yamewahi kuonekana kwingine, angejua kuwa ana mkononi kitu kikuukuu kilichozunguka dunia. Mjerumani mwenzao, C. H. Becker, alikuja kuuchapisha na kuuchambua mwaka 1911. Watu walikuwa wamekwisha kukamatwa.

Waraka haukufa. Mwanachuoni wa Saudia, Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, aliona haja ya kuandika onyo dhidi ya wasia huo wa uongo uliosingiziwa Sheikh Ahmad, mhudumu wa msikiti wa Mtume. Baada yake ukahamia katika simu. Mwenye simu ana nyenzo ambayo mtu wa 1908 hakuwa nayo: akichukua sentensi moja ya ujumbe na kuitafuta katika intaneti, ataikuta imekwisha kutumwa miaka mingi, mara ikitoka nchi hii, mara ile. Ila intaneti hiyohiyo yampa pia idadi ya waliokufa katika Maji Maji: 75,000 hapa, 300,000 pale, aghalabu bila ya kuelezwa kuwa ya kwanza ni hesabu ya Wajerumani wenyewe na ya pili ni kadirio la juu la Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyezikusanya habari za wazee wa kusini katika miaka ya 1960. Huyo alifanya kazi ya isnadi: alimwendea mzee, akamwuliza alikuwa wapi siku ile, na nani alimwambia.

Waliounakili waraka kwa mkono na kuupeleka bara hawajulikani kwa majina. Jina lililosalia katika kila nakala, ya Kiarabu, ya Kiswahili na ya simu, ni la Sheikh Ahmad.