Mikumi si wilaya: Jua Kilosa ilivyogawanyika

Ukitaja Mikumi, wengi wanawaza simba na tembo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya. Wengine wanadhani ni wilaya. Hapana. Mikumi ipo ndani ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro.

Mkoa huo una wilaya 7: Morogoro, Mvomero, Kilosa, Gairo, Kilombero, Ulanga na Malinyi.

Jina moja, mambo manne

Mikumi ni mji mdogo, ni kata, ni jimbo la uchaguzi, na pia ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1964. Hifadhi iko chini ya TANAPA, siyo halmashauri.

Majimbo mawili, halmashauri moja

Wilaya ya Kilosa ina majimbo ya Kilosa na Mikumi. Upande wa Jimbo la Kilosa kuna maeneo kama Kimamba, Rudewa na Dumila. Upande wa Mikumi kuna Kidodi, Ruaha, na hata kata inayoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya ya Kilosa!

Kila jimbo lina mbunge wake, lakini mkuu wa wilaya ni mmoja na mkurugenzi wa halmashauri ni mmoja. Ofisi zao zipo mjini Kilosa.

Kwa nini ni muhimu kwako?

Kutoka Mikumi hadi Kilosa mjini ni zaidi ya kilomita 70. Kabla hujatoa nauli, anzia ngazi ya chini: mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya kijiji, kisha mtendaji wa kata. Barua ya utambulisho, kwa mfano, haihitaji safari ya wilayani. Diwani ndiye anayepeleka kero za kata kwenye baraza la halmashauri.

Miji miwili, njia mbili

Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati inapita hapo, na sasa treni ya SGR ina kituo chake. Mikumi ni mji wa barabara: ndipo njia ya Kidatu na Ifakara inapochepuka.

Gairo ilishatoka

Gairo nayo ilikuwa jimbo ndani ya Kilosa, ikawa wilaya kamili mwaka 2012. Kwa hiyo mipaka hubadilika. Ila kwa sasa, ukiwa Mikumi, wilaya yako ni Kilosa.