Mazingira ya Mtaa na Shule, athari zake kwa afya (Mkoa wa Mara)

Afya ya mtoto haitokani na zahanati peke yake, bali hutanguliwa na mahali alalapo, maji ayatumiayo na njia aipitayo kwenda shule. Na katika Mara jambo hili hudhihirika zaidi kwa maradhi ya kichocho. Mitaa ya Musoma, na vijiji vya Bunda vilivyo kando ya Ghuba ya Speke, hulitegemea Ziwa Viktoria kwa haja nyingi: humo hutekwa maji, hufuliwa nguo, na watoto watokapo shule, jua lingali kali, hujitosa penye magugu, ambapo konokono wadogo hutoa vijidudu vipenyavyo ngozi. Mayai ya mnyoo hurudi ziwani kwa kinyesi, hata shule isiyo na vyoo vya kutosha ikaeneza maradhi yale yale ambayo mwalimu, akiisha kumpima mtoto urefu kwa ubao wenye alama ili ajue idadi ya vidonge, humpa prazikwanteli kuyatibu. Aliyedumu nayo hupungukiwa damu, akadhoofika masomoni, na pengine ini na wengu humvimba.

Njia ya kwenda shule nayo ina uzito wake. Butiama, iliyo mbali na ufuo, zamani ilikuwa na taabu ya masafa: Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, alipelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, mwendo wa kilomita 40 hivi.

Tukirudi kwenye kichocho, dawa huua minyoo iliyokomaa iliyomo mwilini, wala haimkingi mtoto asiambukizwe tena; choo na maji ya bomba ni sehemu ya tiba, na kuvichelewesha ni dhuluma.